Kitufe Kimoja, Madirisha Mengi: Fahamu Kibodi Yako Inasikilizwa na Nani

Kompyuta iliyo juu ya meza ya ofisi, duka la wakala au steshenari huwa na madirisha kadhaa yaliyofunguliwa kwa pamoja: barua inayochapwa, jedwali la mahesabu, ukurasa wa benki na mazungumzo ya WhatsApp. Kibodi ni moja. Kila kitufe kinachobonyezwa hakina budi kwenda mahali fulani, na mtumiaji asipojua kinakokwenda, hasara hufuata. Nywila huandikwa katika mazungumzo na kusomwa na kundi zima, faili hufutwa pasipo kukusudiwa, ombi la malipo hutumwa mara mbili, au fundi hulipwa kwa kutengeneza kibodi isiyo na kasoro yoyote.

Katika makala haya tunaeleza jinsi kazi za vitufe zinavyopangwa pale programu nyingi zinapofanya kazi kwa wakati mmoja. Tumeyaandika kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida, ambaye hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili ajilinde. Jambo tunalotaka alishike ni hili: kitufe hakina maana yake chenyewe. Maana hupewa na dirisha linalokipokea, pamoja na programu zilizosimama njiani kati ya kidole na dirisha hilo. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza lolote lililo la siri au lisiloweza kurudishwa, ni wajibu wa mtumiaji kujiuliza ni nani anayesikiliza. Mifano yetu mingi imetoka katika mfumo wa Windows, kwa kuwa ndio ulioenea katika kompyuta za ofisi na maduka, lakini kanuni ni zile zile katika mifumo mingine.

1. Safari ya kitufe, kutoka kidoleni hadi dirishani

Watu wengi hudhani kwamba kibodi hupeleka herufi kwenye kompyuta. Kwa hakika kibodi haijui herufi. Kila kitufe kina namba yake inayotokana na mahali kilipo, na kinapobonyezwa, namba hiyo ndiyo inayopelekwa. Herufi iliyochapwa juu ya kitufe ni alama tu ya kumsaidia anayetazama.

Hatua ya pili hufanywa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Mfumo huu una orodha iitwayo mpangilio wa kibodi, ambayo husema namba fulani ni herufi gani. Mpangilio ukibadilishwa, kitufe kile kile hutoa herufi nyingine, ingawa alama iliyo juu yake haijabadilika.

Hatua ya tatu ni kupeleka herufi au amri hiyo kwenye dirisha. Kwa kawaida mfumo huipeleka kwenye dirisha moja tu, lile lililo hai wakati huo, na programu yenye dirisha hilo ndiyo inayoamua la kufanya. Hata hivyo, kabla kitufe hakijafika huko, programu nyingine zinaweza kuwa zimeomba kukidaka njiani. Programu hizo zinaweza kukibadilisha, kukizuia, au kukinakili na kukiacha kipite. Hatua hizi tatu, pamoja na wadakaji wa njiani, ndizo zinazoeleza takribani kila tatizo tutakalolitaja hapa.

2. Dirisha hai ni lipi?

Katika kundi la madirisha yaliyofunguliwa, moja tu huwa hai. Ukingo wake wa juu huwa na rangi iliyokolea kuliko mengine, na alama yake katika mwambaa wa chini huonekana imetiwa mkazo. Ndani ya dirisha hilo pia kuna sehemu moja tu inayopokea maandishi, nayo hutambulika kwa kijistari kinachomweka. Tofauti hii ya pili husahaulika mara nyingi. Mtu akiwa kwenye ukurasa wa kuingilia katika akaunti, na kijistari kikawa bado katika kisanduku cha jina, nywila yake itaandikwa wazi mbele ya kila aliye karibu.

Ikumbukwe pia kwamba macho na kibodi huweza kuachana. Mtumiaji anaweza kuwa anatazama dirisha la kulia, huku kibodi ikiandikia la kushoto alilolibofya mwisho. Hali hii hutokea zaidi kwa anayetumia skrini mbili, au anayechapa huku akisoma karatasi iliyo pembeni.

Vilevile dirisha jipya huweza kuchomoza katikati ya kazi. Windows huzuia programu iliyo nyuma isijilete mbele ovyo. Badala yake alama yake hubadilika rangi katika mwambaa wa chini. Lakini kinga hiyo haizuii kila hali. Kisanduku cha swali kikichomoza wakati mtu anachapa kwa kasi, kitufe cha Enter alichokusudia kianzishe mstari mpya huweza kuhesabiwa kuwa ni jibu la "ndiyo" kwa swali ambalo hata hakulisoma. Anayechapa bila kutazama skrini ndiye aliye hatarini zaidi.

3. Kitufe kile kile, kazi mbalimbali

Tuchukue kitufe cha F5. Katika kivinjari huupakia ukurasa upya. Katika PowerPoint huanzisha maonyesho ya slaidi. Katika Word na Excel hufungua kisanduku cha kukupeleka mahali fulani ndani ya waraka. Katika Notepad huandika saa na tarehe. Hakuna kilichoharibika, kila programu imekipa kitufe hicho kazi iliyoona inaifaa.

Tofauti hizo huwa za kuchekesha mpaka zinapogusa fedha. Mtu aliyekwisha kutuma fomu ya malipo na kuona ukurasa umechelewa kujibu, akibonyeza F5, huenda anakiomba kivinjari kiitume tena fomu ile ile. Vivinjari vingi huuliza kwanza kama anataka kutuma upya taarifa zake. Swali hilo lisipite bila kusomwa. Njia iliyo salama ni kutobonyeza tena, kusubiri, kisha kufungua taarifa ya akaunti au ujumbe wa simu na kuthibitisha kama malipo yamepokewa.

Mfano wa pili ni Ctrl pamoja na D. Katika Excel mchanganyiko huu hunakili yaliyo katika seli ya juu na kuyashusha chini, na kwa sababu hiyo hupendwa sana na watunza hesabu. Katika kivinjari huhifadhi anwani ya ukurasa. Katika Word hufungua kisanduku cha kuchagua aina ya mwandiko. Lakini katika dirisha linaloonyesha mafaili ya kompyuta, mchanganyiko huo huo hulipeleka faili lililochaguliwa kwenye pipa la taka. Mtunza hesabu anayehama kati ya jedwali na dirisha la mafaili anaweza kulifuta jedwali zima la mwezi huku akidhani ananakili namba. Likitokea hilo asiendelee kubonyeza ovyo. Faili likiwa kwenye diski ya kompyuta yenyewe, kwa kawaida hupatikana ndani ya pipa la taka na kurudishwa. Likiwa kwenye flashi, huenda lisipite katika pipa hilo kabisa, na ndiyo maana tunashauri kazi muhimu isifanywe moja kwa moja kutoka kwenye flashi.

Yapo makubaliano yaliyoenea. Kukata, kunakili na kubandika maandishi ni mbinu iliyokuzwa miaka ya 1970 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, na Larry Tesler ni mmoja wa wanaotajwa sana kuhusiana nayo. Kompyuta ya Lisa, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1983, iliziweka kazi za kutengua, kukata, kunakili na kubandika katika vitufe vya Z, X, C na V, vilivyojipanga mstari mmoja chini ya kibodi. Programu nyingi zimeufuata mpango huo hadi leo. Hata hivyo makubaliano si sheria. Katika dirisha la kuandikia amri, Ctrl pamoja na C husimamisha kazi inayoendelea, maana iliyokuwapo kabla ya kitufe hicho kuhusishwa na kunakili. Mtumiaji asifikiri kwamba alichokizoea katika dirisha moja kitafuata kila aendako.

4. Mpangilio wa lugha unaobadilika bila taarifa

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa katika masoko yetu zilitengenezwa kwa ajili ya nchi mbalimbali. Iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji huwa na mpangilio wa AZERTY, ambao A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na namba za mstari wa juu huhitaji Shift. Mpangilio huu unajulikana pia kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambako Kifaransa hutumika katika ofisi. Iliyotoka Ujerumani huwa na Y na Z zilizobadilishana. Hata Kiingereza kina mipangilio zaidi ya mmoja: katika ule wa Marekani, alama ya @ hupatikana kwa Shift pamoja na 2, katika ule wa Uingereza, Shift pamoja na 2 hutoa alama ya kunukuu, na @ iko upande wa kulia, karibu na Enter.

Matokeo yake huonekana zaidi katika nywila, kwa kuwa nywila huandikwa kwa vitone na mtu haoni alichokiandika. Anayeamini ameandika @ huwa ameandika alama nyingine. Hujaribu mara ya pili, mara ya tatu, na huduma nyingi za fedha hufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa. Mteja huenda benki akilalamika kwamba nywila yake imebadilishwa na mtu, ilhali tatizo lilikuwa mpangilio wa kibodi.

Hapa ndipo madirisha mengi yanapoongeza utata. Katika Windows 7 na matoleo yaliyoitangulia, mpangilio uliwekwa kwa kila dirisha peke yake: barua ingeweza kuwa katika mpangilio wa Marekani huku kivinjari kikiwa katika ule wa Uingereza. Kuanzia Windows 8, mpangilio mmoja hutumika kwa madirisha yote, isipokuwa mtumiaji mwenyewe, au aliyeitumia kompyuta kabla yake, awe amechagua kila dirisha liwe na mpangilio wake. Mpangilio huweza pia kubadilika kwa bahati mbaya, kwani kitufe cha Windows pamoja na nafasi, au Alt pamoja na Shift, huuhamisha pale ambapo mipangilio miwili imewekwa.

Ushauri wetu ni mwepesi. Tazama kona ya chini ya skrini, karibu na saa, ambapo alama ya lugha ya kibodi huonekana kompyuta inapokuwa na mipangilio zaidi ya mmoja. Ondoa mipangilio usiyoitumia katika sehemu ya mipangilio ya lugha. Nywila ikikataliwa mara moja, usiijaribu tena papo hapo. Fungua Notepad na ubonyeze zile alama zinazobadilika nafasi tu, kama @ na Y, uone kama zinatoka sawa. Nywila yenyewe usiiandike humo.

5. Vitufe vinavyosikika hata dirisha likiwa nyuma

Tumesema kwamba kitufe huenda kwenye dirisha hai. Ipo michanganyiko isiyofuata kanuni hiyo. Alt pamoja na Tab huhamisha mtumiaji kutoka dirisha moja hadi jingine, na kitufe cha Windows pamoja na L hufunga kompyuta ili asiyejua nywila asiingie. Yote mawili hufanya kazi popote ulipo. Programu za kawaida nazo zinaweza kujiandikisha kwa mfumo ili zipewe mchanganyiko fulani hata zikiwa nyuma. Ndivyo programu ya mikutano inavyoweza kuzima kipaza sauti wakati mtu anasoma waraka mwingine.

Mchanganyiko uliosajiliwa na programu moja kwa njia hii hausajiliwi tena na nyingine. Njia ya mkato uliyoizoea ikiacha kufanya kazi ghafla, jiulize ni programu gani mpya imewekwa. Yawezekana imetangulia kuuchukua mchanganyiko huo.

Ctrl, Alt na Delete zikibonyezwa pamoja zina hadhi ya pekee. Mchanganyiko huu ulibuniwa na David Bradley, mhandisi wa IBM aliyekuwa miongoni mwa waliounda kompyuta binafsi ya kampuni hiyo iliyotoka mwaka 1981, na lengo lilikuwa kuiwasha kompyuta upya. Baadaye Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993, iliupa kazi ya ulinzi: programu ya kawaida haiwezi kuudaka wala kuuiga. Kwa sababu hiyo baadhi ya ofisi humtaka mfanyakazi aubonyeze kabla ya kuandika nywila ya kuingilia. Tapeli anaweza kuchora dirisha linalofanana kabisa na lile la kuingilia, lakini hawezi kulifanya liitikie mchanganyiko huo kwa niaba ya mfumo. Ofisi inayoudai utaratibu huu inamlinda mfanyakazi wake, na asiuone kuwa usumbufu.

6. Programu za kubadili kazi za vitufe

Zipo sababu njema za kutaka kubadili kazi ya kitufe. Kitufe kimoja kimekufa na mtumiaji anataka kazi yake ihamie kwingine. Au mtu mwenye ulemavu wa mkono anahitaji michanganyiko ibonyezwe kwa kidole kimoja. Microsoft yenyewe hutoa bure mkusanyiko wa zana uitwao PowerToys, ambao ndani yake imo zana ya kupanga upya vitufe. Zana hiyo huruhusu njia ya mkato ibadilishwe kwa madirisha yote, au kwa programu moja tu iliyotajwa kwa jina. Mabadiliko hayo hudumu muda ambao zana inaendeshwa. Ikizimwa, vitufe hurudia kazi zake za awali. Windows pamoja na L, na Ctrl, Alt na Delete, haviguswi.

Anayetumia zana za namna hii asishangae zikikoma kufanya kazi katika baadhi ya madirisha. Programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta hulindwa na mfumo isipokee vitufe vilivyochezewa na programu isiyo na mamlaka hayo. Kasoro hiyo ya dhahiri ni kinga.

Pamoja na manufaa hayo, tunatoa tahadhari. Programu inayoweza kubadili kitufe ni programu inayoweza kukiona. Uwezo ule ule unaomsaidia mwenye kibodi mbovu ndio unaotumiwa na programu za kunasa vitufe, ambazo huandika kila kinachobonyezwa katika kila dirisha na kukipeleka kwa mwizi. Programu hiyo haijali ni dirisha gani lililo hai. Hunasa barua, mazungumzo na nywila ya benki kwa pamoja. Kwa hiyo zana ya kupanga vitufe ichukuliwe kwa mtengenezaji anayejulikana, na ipakuliwe kutoka kwenye tovuti yake rasmi. Programu "iliyofunguliwa" inayogawiwa kwa flashi, au inayopatikana katika tovuti isiyojulikana, isiwekwe kwenye kompyuta inayotumika kwa fedha.

7. Dirisha lililo na kompyuta nyingine ndani yake

Dirisha moja huweza kubeba kompyuta nzima iliyo mbali. Mafundi na ofisi hutumia njia hii kwa kazi halali. Dirisha hilo likiwa hai, vitufe huenda kwenye kompyuta ya mbali. Likiwekwa nyuma, hubaki kwenye kompyuta ya hapa. Anayefunga faili au kuzima mashine athibitishe kwanza yuko katika ipi.

Hatari kubwa iko upande wa pili, pale kompyuta yako inapokuwa ndani ya dirisha la mtu mwingine. Tapeli hupiga simu akijitambulisha kuwa ni fundi, mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu, akamwelekeza mtu aweke programu ya "kusaidiwa kwa mbali". Programu yenyewe inaweza kuwa halali, lakini mgeni aliyeruhusiwa huona skrini, huandika na kubofya kana kwamba ameketi kwenye kiti chako. Dirisha la benki likiwa wazi, naye yumo. Mtoa huduma wa kweli hahitaji kukuona ukiandika namba yako ya siri. Ukishuku kwamba umemkaribisha tapeli, kata intaneti mara moja, piga simu benki kwa kutumia simu nyingine, na ubadilishe nywila zako ukiwa kwenye kifaa tofauti.

8. Kompyuta za watu wengi, na simu ya mkononi

Steshenari na vituo vya intaneti vinawasaidia wananchi kujaza fomu za ajira, mikopo ya elimu ya juu na huduma za serikali. Lakini mtumiaji wa mashine ya namna hiyo hawezi kujua ni programu gani zinazosikiliza, wala kama kuna kifaa kidogo kilichochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta ili kunasa kinachochapwa. Tunashauri mambo ya fedha yasifanywe hapo. Ikiwa lazima kuingia katika akaunti, iwe ni ile iliyowekewa uthibitisho wa hatua mbili, ili nywila peke yake isimtoshe mwizi, na nywila ibadilishwe baadaye katika kifaa chako.

Kunakili nywila na kuibandika hakuondoi hatari. Windows ina kumbukumbu ya vilivyonakiliwa, inayofunguliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na V. Ikiwa imewashwa, huweza kuhifadhi hadi vitu 25, na anayekuja baada yako atavikuta. Ifute kabla ya kuondoka.

Katika simu, kibodi yenyewe ni programu. Mtumiaji anapowasha kibodi mpya katika Android, simu humwonya kwamba kibodi hiyo huenda ikakusanya yote atakayoyaandika, pamoja na nywila. Onyo hilo lisipitwe kwa haraka kwa ajili ya rangi na vikaragosi. Kibodi uliyoichagua huandikia kila dirisha la simu yako.

9. Kabla ya kumlipa fundi

Kibodi inapotoa herufi zisizo sahihi, fanya vipimo vitatu. Kwanza, fungua Notepad na uandike. Herufi zikitoka sawa humo, lakini zikakosewa katika programu moja tu, tatizo liko katika programu hiyo. Pili, zikikosewa kila mahali, kagua mpangilio wa kibodi, kitufe cha Num Lock, na programu za kupanga vitufe. Kagua pia kama vitufe vya kunata vimewashwa, kwani kubonyeza Shift mara tano mfululizo huleta kisanduku cha kuviwasha. Tatu, chomeka kibodi nyingine. Kosa likihamia nayo, kibodi yako haina ubovu. Kosa likiisha, basi ni kibodi yako iliyoharibika, na hapo ndipo fundi anapohitajika. Muuzaji au fundi anayetaka ununue kibodi mpya aombwe aonyeshe vipimo hivi mbele yako.

10. Haki zako na mahali pa kulalamika

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini na kudaka mawasiliano isivyo halali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu afanye hivyo kwa lengo halali na lililobainishwa. Hivyo mwenye steshenari anayenasa vitufe vya wateja wake kwa siri hawezi kujitetea kwamba kompyuta ni mali yake.

Ukipata hasara, andika tarehe, saa, jina la programu na madirisha yaliyokuwa wazi, piga picha ya skrini, na usifute chochote. Wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, yalete kwetu pamoja na namba hiyo. Panapohusika wizi au utapeli, toa taarifa polisi bila kusubiri majibu ya mtoa huduma.

Muhtasari wa kubandika karibu na kompyuta

Tazama dirisha lililo hai na mahali kijistari kinapomweka kabla ya kuandika nywila au namba ya siri.

Funga madirisha ya mazungumzo unapofanya malipo.

Usibonyeze F5 wala Enter mara ya pili katika ukurasa wa malipo. Thibitisha kwanza katika taarifa ya akaunti.

Nywila ikikataliwa, kagua mpangilio wa kibodi kabla ya kujaribu tena.

Usiweke programu ya kubadili vitufe, kibodi mpya ya simu au programu ya kusaidiwa kwa mbali kwa kuelekezwa na mtu usiyemjua.

Unapoinuka kwenye kiti, hata kwa dakika moja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.